UZI: Miaka 29 na St Kilda, klabu yenye ubingwa mmoja, na huo ubingwa wenyewe ulikuja kwa pointi moja

#1 Mgosi wa Moorabbin (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kwenye uzi wa Ligi Kuu nilisema naishabikia klabu iliyoanzishwa mwaka 1873 na mpaka leo imechukua ubingwa wa ligi mara moja tu. Watu wakanijia inboksi wanataka kujua ni klabu gani hiyo na kwa nini nimeing'ang'ania. Nimeona niulete uzi kabisa. Nitaushusha kwa vipande, naandikia simu na kesho naingia kazini alfajiri.

Klabu inaitwa St Kilda, ya Melbourne, Australia. Mchezo si soka na si raga. Ni mpira wa sheria za Australia, wenyewe wanauita futi. Uwanja ni ule wa kriketi, umbo la yai, unaumeza uwanja wa soka mara mbili na chenji inabaki. Kila upande wachezaji 18. Mpira nao umechongoka huku na huku. Unaruhusiwa kuushika na kukimbia nao, ila kila mita 15 uudundishe chini. Ukitaka kumpasia mwenzako kwa mkono, unaupiga ngumi. Kuurusha ni kosa. Ukiudaka mpira uliopigwa teke umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, unapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Ndiyo maana utaona jamaa anapaa mpaka magoti yanatua mabegani mwa mwenzake.

Golini kuna nguzo nne. Hakuna wavu, hakuna mwamba wa juu, hakuna kipa. Ukipitisha kati ya zile ndefu mbili za katikati ni goli, pointi 6. Ukikosa, mpira ukapita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, unapata pointi 1.

Mama yangu, muuguzi, mwanamke wa Ngamiani asiyejua mpira wowote, aliipa jina siku ya kwanza tu alipoona kwenye televisheni: goli ni noti, hiyo nyingine ni chenji. Nyumbani kwetu mpaka leo ni chenji. Shikeni hilo neno, uzi wote huu ni habari ya chenji.

#2 Kishada

Mkuu ngoja kwanza. Yaani mtu anakosa goli halafu anapewa pointi? Nimeweka kambi hapa, tiririka.

#3 Mgosi wa Moorabbin

@Kishada ndiyo, na hapo ndipo utamu na uchungu wote ulipo. Mwamuzi wa golini akipeperusha bendera mbili ni goli, akipeperusha moja ni chenji. Mechi inaweza kuisha timu A ina magoli mengi kuliko timu B na bado isishinde. Tutafika huko, na tukifika mtanihurumia.

Tulihamia Melbourne mwaka 1996, nina miaka saba. Mama alikuwa amepata kazi huku. Tukapanga nyumba Moorabbin, kusini mashariki mwa mji, mtaa wa nyumba za matofali na bustani ndogo mbele. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mjane, wakati huo anakaribia hamsini, lakini kwa macho yangu ya kitoto alikuwa babu, nami nikamwita hivyohivyo, Babu. Aliuliza maana yake, alipoambiwa akakaa kimya kidogo, kisha akasema ataitikia. Akaitikia mpaka alipokufa, majira ya baridi ya 2019.

Babu alikuwa na gereji ambayo gari halikuwahi kuingia. Ndani kuna benchi la fundi, redio, kiti kimoja na ndoo iliyogeuzwa ambayo ndiyo ilikuwa kiti changu. Kwenye benchi alikuwa amepigilia misumari minne kwa mstari, miwili mirefu katikati, miwili mifupi pembeni. Nyuma ya nyumba ana mlimau. Alichuma limau akaniambia: huu ndio mpira. Akaliviringisha kuelekea misumarini. Limau mnalijua, lina chuchu huku na kitako huku. Haliendi linakotumwa. Linayumba, linasita, linageuka bila taarifa. Akaniambia hakuna mtu duniani anayejua mpira huu utadundia wapi, na anayesema anajua ni mwongo.

Halafu akanionyesha mwaka 1966. Kwa limau.

#4 Mgosi wa Moorabbin

Tarehe 24 Septemba 1966, fainali kuu, uwanja wa MCG, watu 101,655. Babu ana miaka 19, amesimama upande wa kina yakhe. St Kilda dhidi ya Collingwood. Kwenye futi Collingwood ndiyo klabu kubwa ya watu wengi, ukiwapenda unawapenda na ukiwachukia unawachukia, katikati hakuna.

Dakika za mwisho ubao unasoma 73 kwa 73. Mpira unagombewa mbele ya goli letu la kushambulia, Barry Breen anaupata, anaupiga haraka bila hata kujipanga. Haukuwa mpira mzuri. Ulijipinda, ukadunda, ukadunda tena, ukapita pembeni. Bendera moja. Chenji. 74 kwa 73. Collingwood wakaja juu kwa mara ya mwisho, beki wetu Bob Murray akaudaka, akaupeleka mbali, king'ora kikalia.

Basi. Huo ndio ubingwa wetu wote. Kapteni alikuwa Darrel Baldock, kocha Allan Jeans, na kombe letu pekee tangu dunia iumbwe lilipatikana kwa mtu aliyekosa goli.

Babu aliigiza kudunda huko kwa limau mara nyingi kiasi kwamba ule ubao ulikuwa na alama ya mafuta ya maganda. Kila lilipopita kati ya msumari mrefu na mfupi alinyanyua kidole kimoja, kama bendera, asiseme kitu.

Siku ile ile akanivisha skafu. Marehemu mkewe aliifuma kwa mkono. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Upande mmoja ilishaliwa na nondo ikashonewa uzi mwekundu usiofanana na ule wa mwanzo, unaelekea chungwa, ukiishika unasikia kijifundo. Mpaka leo nikiwa nahangaika uwanjani kidole kinajikuta hapo.

Watu wa Tanga mtalipenda hili: rangi hizo ndizo zilizokuwa za Dola ya Ujerumani, zilezile zilizokuwa zikipepea bomani kwetu kabla Mwingereza hajaingia. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915 klabu ikaona aibu kuvaa rangi za adui, ikatoa nyeupe ikaweka njano ili zifanane na za Ubelgiji. Nyeupe ikarudi miaka ya ishirini.

#5 Binti Mwarabu

Kaka hii skafu umenigusa nayo. Lakini nikuulize kwa heshima: kombe la 1966, wewe hujazaliwa, hata mama yako pengine hajazaliwa. Unashabikia hadithi ya mtu mwingine. Kwa nini usihame timu?

#6 Mgosi wa Moorabbin

@Binti Mwarabu dada yangu, swali hilo nimeulizwa kazini, harusini na msibani. Nitalijibu, ila naomba kwanza nikupe picha ya umaskini wenyewe, kwa sababu bila hiyo jibu halitakaa.

Ligi ilianza 1897. St Kilda ilifungwa mechi zake 48 za kwanza, mfululizo, miaka mitatu kamili bila kushinda hata moja. Mwaka 1899 ilicheza na Geelong, ubao ukasoma Geelong 162, St Kilda 1. Moja, wakuu. Hawakupata goli hata moja, walikosa mara moja tu na hiyo ndiyo ikawa hesabu yao ya siku nzima. Hakuna timu iliyowahi kupata chini ya hapo.

Mei 1900 ndipo wakashinda kwa mara ya kwanza. Na hapo napo mechi iliisha sare na Melbourne, St Kilda wakakata rufaa kwamba chenji moja ya Melbourne ilipatikana baada ya kengele ya robo ya tatu (mechi moja ya futi ina vipindi vinne, ndiyo robo hizo). Rufaa ikakubaliwa, chenji ikafutwa, St Kilda wakapewa ushindi wa pointi 1.

Huku anayeshika mkia anaitwa amebeba mwiko. Mwiko huuhuu wa ugali. St Kilda tumebeba mwiko mara 27, rekodi ya ligi nzima, wa mwisho mwaka 2014. Ukienda jikoni kwangu utakuta mwiko mmoja umeandikwa 2014 kwa kalamu ya wino mzito. Aliuandika Babu, akampa mama zawadi. Mama alimwambia kwao Tanga mwiko haukai bure, akasonga nao ugali usiku huohuo, tukala wote watatu na samaki. Hiyo ndiyo sherehe tuliyofanya mwaka tulioshika mkia.

Sasa jibu. Mjomba wangu yuko Tanga, ni Coastal Union tangu utoto. Coastal ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mjomba bado anakwenda Mkwakwani, na hakuna mtu Ngamiani anayemuuliza kwa nini hahamii Simba au Yanga. Ukimuuliza atakuangalia kama umemuuliza kwa nini hahami kwenye ukoo. Mimi nilipofika ugenini sikuwa na mtu. Nilikuwa mtoto mweusi pekee darasani, sijui lugha. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na babu, skafu na timu. Nilipewa vyote vitatu siku moja na mtu mmoja. Siwezi kurudisha kimoja nikabaki na viwili.

#7 Kishada

Nimemaliza kusoma hapo kwa mwiko nimesimama nikatembea kidogo. Endelea mkuu.

#8 Otieno wa Footscray

Boss, mimi niko Melbourne tangu 2008, nilikuja kusoma. Na lazima niseme ukweli mbele ya watu: mimi ni Collingwood damu. Nimesoma uzi wako kwa roho nzito. Usidhani sisi hatuna vidonda. Hiyo 1966 wazee wetu bado wanaitaja wakipandwa na huzuni. Miaka miwili kabla, 1964, tulipoteza fainali kwa pointi 4. 1970 tulikuwa mbele kwa pointi 44 wakati wa mapumziko na tukafungwa. Kwa hivyo ukisema chenji, tunaelewana. Weka 2010 niweke upande wangu.

#9 Mgosi wa Moorabbin

@Otieno wa Footscray karibu sana jirani. Nitaiweka, ila nianze na 1997.

Mwaka wangu wa pili. Tuliongoza ligi, tukaingia fainali na Adelaide. Nilikuwa na miaka minane na nilidhani hivi ndivyo mambo yanavyokuwa kila mwaka. Mapumziko tuko mbele. Robo ya mwisho Darren Jarman wa Adelaide akafunga magoli matano peke yake. Tukalala kwa pointi 31. Babu alizima redio akaenda kumwagilia mlimau. Septemba, mvua imenyesha asubuhi, yeye anamwagilia.

2009. Sasa nina miaka 20. Kocha Ross Lyon. Tulishinda mechi 19 za kwanza za msimu mfululizo. Nick Riewoldt kapteni, jezi namba 12, mtu anayekimbia kama amekatazwa kusimama. Fainali na Geelong. Tulipiga magoli 9 na chenji 14. Chenji 14, wakuu! Nusu ya hizo zingekuwa noti leo ningekuwa naandika uzi mwingine. Halafu kuna mpira mmoja wa Geelong uligonga nguzo, ambao kwa sheria ni chenji, ukahesabiwa goli, picha za marudio zikaonyesha wazi. Siku hizo mwamuzi hakuwa na video. Robo ya mwisho matokeo ni sare, beki wao Matthew Scarlett akauchokoa mpira kwa ncha ya kiatu kumfikia Gary Ablett, na kutoka hapo likazaliwa goli la Paul Chapman. Tulifungwa kwa pointi 12.

Simlaumu mwamuzi. Babu alinikataza. Alisema ukiwa umekosa mara 14 huna haki ya kumdai mtu nguzo moja. Mimi nilikuwa naidai, na siku nyingine usiku bado naidai.

#10 Mgosi wa Moorabbin

Tarehe 25 Septemba 2010. MCG, watu zaidi ya 100,000. St Kilda na Collingwood, wale wale wa 1966.

Nilikwenda na Babu. Yeye miaka 63, mimi 21. Mapumziko tuko nyuma kwa pointi 24. Tukaanza kurudi, goli moja, jingine. Robo ya mwisho Brendon Goddard akapaa juu ya watu akaudaka, akafunga, tukaongoza. Nilimwona Babu ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kofia isipeperuke. Kisha Collingwood wakarudisha, wakatupita kwa pointi 1.

Inabaki kama dakika moja na nusu. Lenny Hayes, mchezaji bora uwanjani siku ile, anaupata mpira mbali, anaupiga kuelekea golini. Stephen Milne wetu anakimbia, yuko peke yake, goli liko wazi mbele yake. Mpira ukidunda kumfuata anaushika, anafunga, tunakuwa mabingwa. Unadunda.

Umeshaona limau linavyogeuka? Ulidunda mara moja ukamkatia kona kulia. Alinyoosha mikono, ukampita, ukaendelea kujiviringisha taratibu kati ya nguzo ndefu na fupi. Bendera moja.

68 kwa 68.

King'ora kilipolia, watu laki moja walinyamaza. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile, unasikia ndege wa baharini wanaozunguka juu ya uwanja. Wachezaji wa pande zote wamelala kwenye majani. Hakuna anayejua acheke au alie. Magoli yetu 10, yao 9. Sisi tulifunga mengi zaidi. Wao walikosa mara nyingi zaidi, 14 kwa 8, na kukosa huko ndiko kulikowapa sare. Na sisi tulifikia sare kwa kukosa.

Babu alisimama muda mrefu ananyoosha kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya gerejini. Chenji moja na Collingwood, 1966, ikatupa kombe. Chenji moja na Collingwood, 2010, haikutosha. Ndani ya treni hakusema neno mpaka tunakaribia kushuka, akaniambia, "Ilidunda vibaya." Nikamwambia, "Ndiyo Babu."

Siku hizo fainali ikitoka sare inarudiwa wiki inayofuata. Tukarudi Oktoba 2. Mapema kabisa Riewoldt yuko mbele ya goli tupu, anajiandaa kupiga, Heath Shaw akajirusha kutokea nyuma akauzima mpira mguuni. Tulifungwa kwa pointi 56. Sheria ikabadilishwa baadaye, sasa zinaongezwa dakika hapo hapo.

#11 Otieno wa Footscray

Niweke upande wangu kama nilivyoahidi. Siku ya sare mimi nilikuwa kwa nyumba ya mabinamu, televisheni, tumevaa nyeusi na nyeupe wote. Mpira ulipopita Milne niliruka nikashangilia, halafu nikaona watu wa St Kilda kwenye skrini nikakaa chini. Na kuna jambo lingine lilinikaa. Luke Ball alikuwa mtu wenu, mkamwachia mwisho wa 2009, akaja kwetu, mwaka uliofuata akabeba kombe dhidi yenu. Nilishangilia kombe wiki mzima. Lakini ile Jumamosi ya kwanza siwezi kusema tulistahili kuliko nyinyi.

#12 Mgosi wa Moorabbin

@Otieno asante kwa kusema hivyo. Ningependa Babu angekusoma.

Kuna wadau wameniuliza inboksi kwa nini klabu isinunue wachezaji wazuri ikainuka. Huku huwezi. Mishahara ina ukomo kwa klabu zote, na vijana wapya wanagawanywa kwa zamu: aliyebeba mwiko anachagua wa kwanza. Mpango ni kwamba maskini ainuke. Na mara nyingine anainuka kweli, Riewoldt tulimpata hivyo, chaguo la kwanza la mwaka 2000, akacheza mechi 336. Mwaka 2014 tukachagua wa kwanza tena, tukamchukua Paddy McCartin. Kijana mzuri, akaumia kichwa mara kwa mara mpaka ikabidi aondoke kwetu. Aliyechaguliwa wa pili mwaka ule, Christian Petracca, alikwenda Melbourne na 2021 akawa mchezaji bora wa fainali. Simsemi McCartin vibaya hata kidogo. Kichwa cha mtu ni kikubwa kuliko kombe. Ila ndivyo limau lilivyodunda.

Robert Harvey alicheza mechi 383 kwetu, akachukua medali ya mchezaji bora wa ligi miaka miwili mfululizo, 1997 na 1998. Hakugusa kombe. Riewoldt hakugusa. Hayes hakugusa. Nikikutana na mtu anayesema mchezaji hupimwa kwa makombe, huwa najua hajawahi kumtazama Harvey dakika ya mwisho ya robo ya nne bado anakimbia.

#13 Baba Furaha

Jambo ndugu. Mimi natoka Bukavu, tuko Dandenong na familia tangu 2016. Kijana wangu wa miaka kenda anapenda huu mpira sana, analala nao kitandani. Mama yake anaogopa. Anasema watamtukana sababu ya rangi. Wewe umekaa huku miaka mingi, tuambie ukweli.

#14 Mgosi wa Moorabbin

@Baba Furaha shikamoo kaka, kwa sababu una familia na mimi hapa ni mdogo wako. Nitakuambia ukweli.

Watamtukana? Inawezekana. Mimi nimetukanwa uwanjani, nikiwa na miaka 13, na mtu mzima aliyekaa na watoto wake. Babu alisimama akaenda akakaa kati yake na mimi mpaka mechi ikaisha, na hakurudi kwenye kiti chake.

Nyumbani siku hiyo alinifungulia bahasha ya picha alizokata magazetini. Tarehe 17 Aprili 1993, uwanja wa Victoria Park, tumewafunga Collingwood kwao. Nicky Winmar, mwenyeji wa asili wa nchi hii, mzaliwa wa magharibi huko, ametukanwa rangi yake na mashabiki tangu mechi inaanza. King'ora kinalia, anawageukia, anainua jezi yake, jezi yetu, nyekundu nyeupe nyeusi, na anaonyesha kidole kwenye ngozi ya tumbo lake. Ndiyo picha inayojulikana kuliko zote kwenye mchezo huu. Leo ana sanamu nje ya uwanja wa Perth, amesimama vilevile.

Babu aliniambia: mwaka 1966 nilidhani siwezi kuipenda klabu hii zaidi. Mwaka 1993 nikaona nilikuwa sijaanza.

Winmar naye hakuchukua kombe. Alikuwepo 1997.

Siku hizi wapo vijana wetu. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa Msudani wa kwanza kucheza ligi hii. Aliir Aliir wa Port Adelaide amezaliwa Kakuma, Kenya, kambi ambayo najua wengi mnaosoma hapa mmepita au mna ndugu waliopita. Mlete kijana. Mwambie mama yake kuna watu watasimama.

#15 Otieno wa Footscray

Na mimi kama mtu wa Collingwood nasema hapa wazi, lile la 1993 lilikuwa aibu yetu. Mlete kijana.

#16 Binti Mwarabu

Kaka nimefuta swali langu moyoni. Lakini nina lingine dogo. Babu alipofariki 2019, uliendelea kwenda?

#17 Mgosi wa Moorabbin

@Binti Mwarabu mechi ya kwanza baada ya mazishi sikwenda. Ya pili nilikwenda peke yangu, nikakaa, kiti cha pembeni kimebaki wazi, nikaweka skafu. Kisha nikaoa, akaja binti yetu, sasa ana miaka mitano.

Babu alikuwa na sheria moja tu: huondoki kabla ya king'ora. Na king'ora chenyewe ukisikie kwa masikio yako. Alikuwa na sababu. Mwaka 2006 kule Launceston tulikuwa nyuma ya Fremantle kwa pointi 1, king'ora kikalia, waamuzi hawakukisikia, mchezo ukaendelea, mtu wetu akapiga chenji, ikawa 94 kwa 94. Siku tatu baadaye ligi ikaketi ikaifuta, Fremantle wakapewa mechi. Mara ya mwisho matokeo kubadilishwa kwa rufaa ilikuwa ile ya 1900, ya ushindi wetu wa kwanza. Chenji moja tulipewa, na baada ya miaka 106 wakaichukua.

Sasa mwaka huu, 2025, Jumapili ya mwisho ya Julai. Uwanja wa Docklands, tunacheza na Melbourne. Msimu mbaya, hatuna tunachogombea. Mwisho wa robo ya tatu tuko nyuma kwa pointi 46. Safu yetu watu wameanza kubeba mabegi. Mzee wa mbele yangu akaniaga. Binti yangu amechoka, skafu ya Babu imemfunika mpaka magotini, anakula chipsi zilizopoa. Nikamwambia tunasubiri king'ora. Hakuuliza kwa nini, hiyo sheria ameikuta nyumbani.

Tukafunga moja. Tukafunga la pili. Sikusisimka, mimi nimeshawahi kuwa mjinga. La tatu, la nne. Watu waliokuwa kwenye ngazi wakageuka wakasimama palepale wamebeba mabegi. Nasiah Wanganeen-Milera, kijana wa miaka 22, kila mpira unamtafuta yeye. Zikiwa zimebaki sekunde chache akafunga, ubao ukasawazika. Mpira unarudishwa katikati, Melbourne wakakosea mpangilio wa wachezaji, sisi tukapewa adhabu. Rowan Marshall akaupiga mbele. Wanganeen-Milera akapaa, akaudaka. King'ora.

Ukishaudaka kabla ya king'ora una haki ya kupiga baada yake. Mechi imekwisha, ubao ni sare, amebaki yeye, mpira na nguzo nne. Nikashika kile kijifundo cha uzi kwenye skafu, nikakumbuka binti ndiye ameivaa, kumbe nimemshika bega.

Akapiga. Bendera mbili. Hakuna timu iliyowahi kurudi kutoka nyuma kiasi hicho ikiingia robo ya mwisho na kushinda, tangu ligi ianze 1897.

Kwenye treni binti akaniuliza, "Baba, na kama angekosa?"

Nikamwambia angekosa pembeni kidogo tu, chenji ingetosha. Akataka kujua kwa nini nalia. Tulipofika nyumbani nikachuma limau. Mlimau ule mimi ndiye ninautunza sasa, nyumba ya Babu ilipouzwa niliomba nichukue tawi, likashika. Misumari nimepigilia kwenye benchi la nje. Aliviringisha mara kumi na moja, akapata magoli mawili na chenji tatu, mengine yote yakaanguka chini.

#18 Baba Furaha

Ndugu, mama yake nimemsomea yote kwa sauti. Amesema Jumamosi tuje. Tupite wapi?

#19 Mgosi wa Moorabbin

Karibuni sana. Kutoka Dandenong pandeni treni mpaka Caulfield, mbadilishe mchukue ya Frankston, mshuke Moorabbin. Mkishuka nitumie ujumbe, nitakuja kuwachukua kwa gari, uwanja wa mazoezi si mbali. Kijana aje na mpira wake. Mvalisheni sweta, asubuhi upepo wa baharini unapiga sana pale.

@Otieno na wewe njoo. Jezi yako ya Collingwood vaa tu, binti yangu atakuuliza maswali.